Joginder Singh: Fundi wa Kericho aliyeitawala Safari Rally

JINA la Joginder Singh huenda halifahamiki sana kwa vijana wa leo wanaofuatilia mbio za magari kupitia televisheni na simu za mkononi. Lakini kwa wazee waliokuwa wakisimama kando ya barabara za vumbi za Afrika Mashariki kila Pasaka, katika miaka ya 60 na 70, jina hilo lilitosha kuufanya umati utulie na kutega masikio kusikiliza mngurumo wa gari kutoka mbali.

Joginder, Kalasinga aliyezaliwa Kericho nchini Kenya, alishinda mashindano ya Safari Rally mara tatu, mwaka 1965, 1974 na 1976. Alikuwa dereva wa kwanza kufikisha ushindi wa idadi hiyo. Alishiriki Safari mara 22 na kufika mwisho mara 19, rekodi ambayo wajuzi wa mchezo huo huiona kuwa kubwa kuliko hata vikombe alivyotwaa, kwa kuwa katika mashindano hayo kufika tu kulikuwa ni ushindi.

Kwa wakazi wa Tarime, mji alikozaliwa Joginder si wa mbali. Msafiri anayevuka mpaka wa Sirari na kuingia Isebania hupita Migori, kisha Kisii na Sotik, na baada ya hapo huanza kuyaona mashamba ya chai ya Kericho. Historia ya dereva huyo ni sehemu pia ya historia ya barabara hizo, na ya kipindi ambacho mashindano ya magari yalikuwa mali ya nchi tatu kwa pamoja: Kenya, Uganda na Tanzania.

Kuzaliwa na malezi

Joginder Singh Bhachu alizaliwa Februari 9, 1932, wakati Kenya ikiwa koloni la Waingereza. Familia yake ilikuwa ya jamii ya Kalasinga, au Singasinga kama wengi wanavyowaita nchini Tanzania, yenye asili ya Punjab.

Wapunjabi wengi waliingia Afrika Mashariki kufuatia ujenzi wa reli ya Uganda, iliyoanzia Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901. Miongoni mwao walikuwamo mafundi seremala, wahunzi na waashi. Reli ilipokwisha, baadhi yao walibaki na kusambaa katika miji midogo ya bara, ambako walifungua karakana, mashine za kupasua mbao na gereji.

Ndiyo sababu katika miji mingi ya Kenya, Uganda na Tanganyika ya wakati huo, mwenye gari au trekta bovu alielekezwa kwa Kalasinga. Joginder alikulia katika mazingira hayo ya spana na grisi, na alilijua gari kutoka chini ya uvungu wake kabla ya kulijua kutoka nyuma ya usukani.

Akiwa kijana alifanya kazi katika gereji, kisha akaajiriwa kuwa fundi wa doria wa chama cha wenye magari cha Afrika Mashariki. Kazi yake ilikuwa kuzunguka barabarani na kuwasaidia wanachama waliokwama.

Kazi hiyo ilimpa elimu ambayo haikupatikana katika shule yoyote ya udereva. Ilimfundisha ni kifaa gani huvunjika kwanza katika barabara ya mawe, gari huzama vipi katika udongo mweusi wakati wa masika, na fundi mwenye jeki, waya na akili anaweza kufanya nini pasipokuwa na duka la vipuri.

Alianza kushiriki mashindano ya magari mwaka 1958, akiwa na umri wa miaka 26. Mwaka uliofuata aliingia katika Safari kwa mara ya kwanza.

Mashindano yalivyoanza

Safari yenyewe ilikuwa bado changa. Ilianzishwa mwaka 1953 kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza, na kwa sababu hiyo ikaitwa Coronation Safari. Waanzilishi wake walikuwa wapenzi wa magari wa Kenya ambao hawakuvutiwa na mbio za kuzunguka uwanja uleule mara nyingi. Walitaka kutoka na kwenda mbali.

Wazo hilo halikuwa geni duniani. Nchini Italia, mashindano ya Targa Florio yalianza mwaka 1906 katika barabara za milimani za kisiwa cha Sicily, na yale ya Mille Miglia, kutoka Brescia hadi Roma na kurudi, yalianza mwaka 1927. Ni barabara hizo za kawaida, zenye kona, vijiji na watazamaji, zilizowapa umaarufu madereva wa mwanzo wa Italia kama Tazio Nuvolari.

Mille Miglia ilisitishwa kama mbio za kasi mwaka 1957, baada ya gari la Alfonso de Portago kuacha barabara na kuua watu, wakiwamo watazamaji na dereva mwenyewe. Wakati Ulaya ikianza kuyafungia magari ya mbio ndani ya viwanja maalumu, Afrika Mashariki ilikuwa ndiyo kwanza inayafungulia njia.

Mshindi wa mwaka wa kwanza, Alan Dix, alitumia Volkswagen ya kawaida, lile gari dogo lenye umbo la kobe. Mwaka 1960 jina la mashindano lilibadilishwa na kuwa East African Safari Rally, na njia iliendelea kupita katika nchi zote tatu.

Kanuni zilikuwa rahisi kueleza lakini ngumu kutimiza. Kila gari lilipangiwa muda wa kutoka kituo kimoja hadi kingine, na kila dakika ya kuchelewa ilihesabiwa kuwa pointi ya adhabu. Mwenye pointi chache mwishoni ndiye aliyekuwa mshindi.

Tofauti na mashindano ya sasa, barabara hazikufungwa. Dereva aliyekimbizana na saa aliweza kukutana na basi la abiria, kundi la ng'ombe au mkokoteni katika kona. Usiku angeweza kukutana na twiga. Mwendo wote ulikuwa wa maelfu ya kilomita, mchana na usiku, kwa siku kadhaa, huku mapumziko yakiwa machache.

Aidha, mashindano yalifanyika wakati wa Pasaka, ambao kwa sehemu kubwa ya Afrika Mashariki ni msimu wa masika. Palipokuwa na vumbi asubuhi paliweza kuwa na mto jioni. Wanakijiji waliojitokeza kutazama waligeuka kuwa wasaidizi, wakiyasukuma magari yaliyokwama na kurudi nyumbani wakiwa wametapakaa tope.

Mwaka 1963 magari 84 yalianza mashindano na saba tu ndiyo yaliyofika mwisho. Mwaka 1968 yalianza magari 93, na kwa mara nyingine yakafika saba. Katika miaka yote hiyo miwili washindi walikuwa walewale, Nick Nowicki na msoma ramani wake Paddy Cliff, wakiwa na Peugeot 404.

Wageni walipata taabu kuizoea hali hiyo. Erik Carlsson wa Sweden, aliyekuwa miongoni mwa madereva bora wa Ulaya, alipokwama katika tope mwaka 1964 yeye na mwenzake walilibingirisha gari lao dogo aina ya Saab, likapinduka na kusimama tena kwenye ardhi ngumu, kisha wakaendelea. Alimaliza wa pili. Hadi mwaka 1972 hakuna dereva kutoka ng'ambo aliyewahi kushinda.

Ushindi wa 1965

Joginder aliingia katika Safari ya 1965 akiwa na mdogo wake, Jaswant Singh, kama msaidizi wake. Gari lao lilikuwa Volvo PV544, la mtindo uliokwisha kupitwa na wakati, kwani kiwanda chenyewe kiliacha kuliunda mwaka huohuo.

Halikuwa hata gari jipya. Lilikwisha kutumika katika timu ya kiwanda cha Volvo kabla ya kuingia mikononi mwa ndugu hao, ambao walilitengeneza wenyewe kwa ajili ya kazi iliyokuwa mbele yao.

Walianza wa kwanza, gari lao likiwa na namba 1 ubavuni, na walipokamilisha mzunguko walikuwa bado wa kwanza. Timu kubwa zilizokuja na mafundi, vipuri na fedha zilishindwa na ndugu wawili wenye gari la mtumba.

Ushindi huo ulikuja mwaka mmoja na miezi michache tu baada ya Kenya kupata uhuru, Desemba 12, 1963. Kabla ya hapo orodha ya washindi ilikuwa ya Wazungu watupu, wengi wao wakiwa walowezi na wafanyabiashara wa Nairobi. Joginder, mwenye ndevu na kilemba chake, alikuwa wa kwanza asiye Mzungu kuitwaa Safari.

Kuanzia hapo alipata lakabu mbili. Magazeti ya Kiingereza yalimwita kwa jina lenye maana ya Kalasinga anayepaa. Watu wa barabarani walimwita Simba wa Kenya.

Jina hilo la pili lilikuwa na uzito wake. Katika miaka hiyo Waasia wa Afrika Mashariki walikuwa wakiulizwa, na wengine wakijiuliza, kama ni wenyeji au wapita njia. Mwishoni mwa miaka ya 60 maelfu yao waliondoka Kenya kwenda Uingereza, hata Uingereza ikatunga sheria ya kuwazuia mwaka 1968. Mwaka 1972 Idi Amin aliwafukuza Waasia wa Uganda. Katikati ya hayo yote, umati wa Waafrika kando ya barabara ulikuwa ukimshangilia Kalasinga kama mtu wao.

Tanzania nayo yang'ara

Baada ya Joginder, zamu ilikuwa ya Tanzania. Bert Shankland, mzaliwa wa Scotland aliyekuwa akiishi Dar es Salaam, alishinda Safari ya 1966 akiwa na Chris Rothwell katika Peugeot 404. Mwaka 1967 wawili hao walirudia ushindi wao kwa gari la aina hiyohiyo.

Peugeot 404 lilishinda Safari mara nne, mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968. Wenye mabasi, wakulima na watumishi wa serikali waliokuwa wakitafuta gari la kudumu walihitaji ushahidi gani zaidi? Kwa miaka mingi baadaye, magari ya Peugeot yaliendelea kubeba abiria na mizigo katika barabara mbovu za Tanzania, yakiwamo mapikapu yaliyojaza watu na magunia hadi springi zikalala.

Hapo ndipo viwanda vya magari vya dunia vilipotambua thamani ya Safari. Gari lililoshinda Ulaya lilionekana kuwa la kasi. Gari lililoshinda Afrika Mashariki lilionekana kuwa imara, na uimara ndio uliouza magari katika nchi nyingi.

Wajapani walilielewa jambo hilo mapema. Datsun ilishinda mwaka 1970 na 1971 kupitia kwa Edgar Herrmann na Hans Schüller. Mwaka 1972 Hannu Mikkola wa Finland, akiwa na Gunnar Palm katika Ford Escort, alivunja mwiko wa wageni na kuwa dereva wa kwanza kutoka ng'ambo kushinda.

Mwaka 1973 Safari iliingizwa katika ubingwa mpya wa dunia wa mbio hizo. Mwaka huo madereva wawili wa Datsun, Shekhar Mehta na Harry Källström, walimaliza wakiwa sawa kwa pointi 406 za adhabu kila mmoja. Ushindi alipewa Mehta kwa kuwa alikwenda umbali mrefu zaidi kabla ya kupata adhabu yake ya kwanza.

Lancer ndogo, jina kubwa

Katika Safari ya 1974 Joginder alikuwa na umri wa miaka 42, umri ambao madereva wengi huwa wamekwisha kuanza kufikiria kustaafu. Alikuja na Mitsubishi Lancer 1600 GSR, gari dogo la kampuni ambayo ilikuwa haijawahi kushinda mashindano yoyote ya ubingwa wa dunia. Msaidizi wake alikuwa David Doig.

Miongoni mwa wapinzani wake alikuwamo Björn Waldegård wa Sweden katika Porsche 911, gari lenye nguvu kubwa zaidi ya lile la Joginder. Waldegård alimaliza wa pili na Källström wa tatu katika Datsun. Joginder alikuwa wa kwanza, na Mitsubishi ikapata ushindi wake wa kwanza katika ubingwa wa dunia, kwa mikono ya fundi wa Kericho.

Miaka miwili baadaye alirudi na Doig na Lancer. Safari hiyo ya 1976 Mitsubishi ilichukua nafasi zote tatu za juu: Joginder, Robin Ulyate na Andrew Cowan. Kiwanda hicho kilikuja kujenga jina kubwa duniani katika mbio za magari kwa miongo iliyofuata, na mwanzo wake ulikuwa katika tope la Afrika Mashariki.

Siri yake haikuwa kasi peke yake. Mtindo wake ulikuwa wa fundi wa doria: kulihurumia gari pale barabara ilipokuwa mbaya, kulisikiliza, na kulidai kila kilichomo pale tu ilipobidi. Dereva aliyepata dakika tano katika mawe na kuvunja shokamzoba alizipoteza dakika hizo na nyingine nyingi akilala chini ya gari. Kufika mara 19 kati ya 22 hakuwezi kuelezwa kwa bahati.

Mipaka yafungwa

Joginder aliposhinda mara ya pili na ya tatu, jambo moja kubwa lilikuwa limebadilika. Njia iliyowahi kuziunganisha Nairobi, Kampala na Dar es Salaam ilikuwa imekatika. Uganda ilikuwa chini ya Amin, na kufikia katikati ya miaka ya 70 mashindano yalibaki ndani ya Kenya pekee. Neno East African liliondolewa katika jina, likabaki Safari Rally.

Yaliyoyapata mashindano yaliipata Jumuiya yenyewe. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, na Februari mwaka huo Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya. Haukufunguliwa tena hadi Novemba 1983.

Kwa Tarime, hayo hayakuwa mambo ya magazetini. Wakurya wanaishi pande zote mbili za mpaka, na Sirari na Isebania ni kama mji mmoja uliokatwa na kizuizi. Kufungwa kwa mpaka kuligeuza ziara ya kwa shangazi kuwa kosa la kisheria, na biashara ya kawaida ya gulioni kuwa magendo. Barabara ileile ambayo gari lingeweza kuipita kwa saa chache kutoka Tarime hadi Kericho ilihitaji mzunguko, kibali au giza.

Jumuiya mpya iliundwa kwa mkataba uliotiwa saini Arusha Novemba 30, 1999 na kuanza kutumika Julai 2000. Mpaka wa Sirari sasa unapitisha mabasi na malori mchana na usiku. Lakini Safari ya nchi tatu haikurudi katika sura yake ya zamani. Mashindano ya magari ya kale, yaliyoanza mwaka 2003 kuadhimisha miaka 50 ya Safari, ndiyo yaliyoyarudisha baadhi ya magari hayo katika ardhi ya Tanzania.

Waliomfuata

Rekodi ya Joginder ya ushindi mara tatu ilivunjwa na Shekhar Mehta, aliyezaliwa Uganda mwaka 1945. Familia yake ilikuwa miongoni mwa zilizopoteza makazi kwa amri ya Amin, naye akahamia Kenya. Baada ya ushindi wa 1973, Mehta alishinda mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982, jumla mara tano. Ajali aliyoipata Misri mwaka 1987 ilimaliza maisha yake ya mashindano, na alifariki dunia London Aprili 2006.

Waitalia, ambao barabara zao ndizo zilizoanzisha utamaduni wa mbio ndefu, walisubiri kwa muda mrefu. Sandro Munari alifika nafasi ya pili mwaka 1975 katika Lancia Stratos, gari lililoundwa mahususi kwa mbio, lakini akashindwa na Peugeot 504 la Ove Andersson. Haikuwa hadi mwaka 1988 ambapo Miki Biasion, akiwa na Lancia Delta, alikuwa Mwitalia wa kwanza kushinda. Aliurudia ushindi huo mwaka 1989, na katika miaka yote miwili akawa bingwa wa dunia.

Ian Duncan alishinda mwaka 1994 akiwa na Toyota, na tangu hapo hakuna Mkenya mwingine aliyeshinda Safari ikiwa sehemu ya ubingwa wa dunia. Katika miaka hiyohiyo ya 90 Patrick Njiru, akiendesha Subaru, aliwaonyesha vijana wa Kiafrika kwamba nafasi yao haikuwa ya kusukuma magari yaliyokwama pekee.

Safari iliondolewa katika ubingwa wa dunia baada ya mwaka 2002, ambao Colin McRae alishinda. Ilirudi mwaka 2021, makao yake yakiwa Naivasha. Kati ya mwaka huo na 2025 washindi walikuwa Sébastien Ogier mara mbili, Kalle Rovanperä mara mbili na Elfyn Evans mara moja, wote wakiwa na Toyota. Mwaka 2022 Maxine Wahome, msichana wa Kenya, alishinda daraja la WRC3.

Hata hivyo, mashindano hayo si yale ya Joginder. Sasa hufanyika katika vipande vifupi vya barabara vilivyofungwa, na magari hurudi jioni kwa mafundi wao. Usalama wa madereva na watazamaji umeongezeka sana, na hakuna mtu mwenye akili timamu anayetaka magari ya kasi yarudishwe katikati ya mabasi na watoto wa shule.

Barabara na wanyama

Mabadiliko hayo yana maana kwa mkoa wa Mara pia. Wilaya za Tarime na Serengeti zina kila kitu ambacho waandaaji wa zamani walikitafuta: miinuko yenye ubaridi, makorongo, udongo mweusi unaonasa tairi na njia ndefu za changarawe. Lakini zina pia kitu ambacho dunia ya leo inakilinda zaidi kuliko kasi, yaani Hifadhi ya Taifa ya Serengeti na mamilioni ya nyumbu, pundamilia na swala wanaohama kila mwaka kati yake na Maasai Mara.

Mvutano huo ulifika mahakamani. Mpango wa serikali wa kujenga barabara kuu kupitia kaskazini mwa hifadhi ulipingwa mwaka 2010 katika Mahakama ya Afrika Mashariki, na Juni 2014 mahakama hiyo ilizuia ujenzi wa barabara ya lami kukatiza ndani ya hifadhi. Wakazi wa Mugumu waliotaka njia ya kufikisha mgonjwa hospitali na mazao sokoni walikuwa na hoja, na watetezi wa wanyama walikuwa na yao.

Enzi za Joginder swali hilo halikuulizwa. Barabara mbovu ilikuwa fahari ya mashindano kwa wiki moja, na mzigo wa wananchi kwa wiki 51 zilizobaki. Madereva waliipita mara moja na kusifiwa kwa ujasiri. Wenye mabasi na wagonjwa wao waliipita kila siku bila kupigiwa makofi.

Miaka ya mwisho

Joginder aliacha kushiriki Safari mwaka 1980. Aliendelea kuheshimiwa nchini Kenya na katika jamii ya Kalasinga duniani kote, na kila Safari ilipokaribia jina lake lilirudi katika vyombo vya habari. Alifariki dunia London Oktoba 20, 2013, akiwa na umri wa miaka 81.

Wanaokumbuka enzi zake husema kuwa gari lake lilipopita mafundi wa gereji za mitaani walijiona wao wenyewe. Hakuwa mtoto wa bwana mkubwa wala mwajiriwa wa kiwanda cha Ulaya aliyeletwa kwa ndege. Alikuwa mmoja wa watu ambao kila mji wa Afrika Mashariki ulikuwa nao, fundi anayeitwa pale gari linapokataa kuwaka, aliyethibitisha kwamba anayejua kulitengeneza gari anaweza pia kujua kuliendesha kuliko wote.

Jedwali la washindi wa Safari lina majina ya mabingwa wengi wa dunia waliokuja baada yake na magari ya mamilioni ya shilingi. Mwaka 1965 una majina mawili ya ndugu, Joginder na Jaswant Singh, na gari moja la mtumba.